Kutoka CSV hadi SQLite: chumba kimoja kisiuzwe mara mbili

Assalaam aleikum wanachama. Somo hili ni la wanaotunza tovuti za nyumba za wageni hapa Lamu na bado wanaandika nafasi za vyumba kwenye faili la CSV (maandishi matupu, safu zikitenganishwa kwa mkato). Msimu wa Maulidi wateja wawili huomba chumba kimoja kwa wakati mmoja. Programu humsomea kila mmoja faili, huona chumba ki wazi kwa wote wawili, kisha anayeandika mwisho hufuta maandishi ya mwenzake. Umeme nao ukikatika katikati ya kuandika, faili hubaki nusu. Basi tuhamie SQLite, hifadhidata inayokaa ndani ya faili moja.

1. Weka nakala ya CSV pembeni. Tarehe zote ziandikwe 2026-01-09; zikiwa 9/1/2026 hazitapangika.

2. Kazi yenyewe iko hapa. Msitosheke na tarehe ya kuingia na ya kutoka. Kila usiku upate mstari wake:

`CREATE TABLE wageni (id INTEGER PRIMARY KEY, jina TEXT NOT NULL, simu TEXT NOT NULL);`
`CREATE TABLE usiku (chumba TEXT NOT NULL, tarehe TEXT NOT NULL, mgeni INTEGER NOT NULL REFERENCES wageni(id), PRIMARY KEY (chumba, tarehe));`

Kwa hiyo `PRIMARY KEY` ya mwisho, hata programu ikikosea, hifadhidata itaukataa mstari wa pili wenye chumba na tarehe ile ile. Mgeni wa tarehe 9 hadi 12 ana mistari mitatu: 9, 10 na 11. Simu iwe TEXT, la sivyo sifuri ya 07 itapotea. REFERENCES (inayohakikisha mgeni yupo kwenye jedwali la wageni) haifanyi kazi mpaka uandike `PRAGMA foreign_keys=ON` kila unapofungua muunganisho.

3. Ndani ya programu ya `sqlite3` andika `.import --csv wageni.csv zamani` (CSV yote huingia kwenye jedwali la zamani), kisha programu fupi igawe kila mstari kwa usiku. Utakaokataliwa usiupuuze: mpigie mgeni simu, chumba hicho kimeshauzwa mara mbili.

4. Kuandika nafasi: `BEGIN IMMEDIATE` (hufungua muamala na kuwazuia wengine kuandika), ingiza mistari yote, `COMMIT` (huhifadhi yote na kufunga muamala). Mmoja ukikataliwa, programu iite `ROLLBACK` (hufuta yote ya muamala huo) yenyewe, maana SQLite huondoa huo mmoja tu. Thamani zipitie alama ya `?`. Ukiziunganisha ndani ya amri, jina kama Mwang'ombe litaikata kwa ile ritifaa, na mwenye nia mbaya ataandika amri zake hapo hapo.

Maswali ya wanachama (kila mmoja kwa mtaa au kijiji chake)

*Shela:* Maalim, naambiwa "attempt to write a readonly database", na faili nimelipatia ruhusa ya kuandikwa.
*Jibu:* Ipe ruhusa hiyo na folda. SQLite huunda faili la muda pembeni. Folda hiyo isiwe ile inayoonekana na umma.

*Langoni:* "Database is locked" kila mteja anapolipa kwa M-Pesa.
*Jibu:* Umeacha muamala wazi huku mteja akitafuta PIN. Andika usiku na hali ya "anasubiri" kwenye safu ya ziada, `COMMIT`, kisha jibu likija ubadilishe hali. Asipolipa, futa mistari yake. Ongeza `PRAGMA busy_timeout=5000` (isubiri hadi sekunde tano kabla ya kukata tamaa) na `PRAGMA journal_mode=WAL` (wanaosoma wasizuiwe na anayeandika).

*Matondoni:* Nakala ya akiba, ninakili faili tu?
*Jibu:* La, tovuti ikiwa inaandika nakala inaweza kuharibika. Tumia `.backup akiba.db`, kisha uihamishe kwenye mashine nyingine.