Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kumpeleka Hospitali Mtu Anayeshukiwa Kuwa na Jipu la Ini

Katika mwambao wa Ziwa Tanganyika, kuanzia Kibirizi hadi Kalya, mtu akilalamika kwamba anachomwa ubavu wa kulia huku mwili unawaka homa, watu wa nyumbani hutaja kichomi au malaria. Yote mawili yanawezekana. Linalosahaulika ni jipu la ini, yaani usaha uliokusanyika ndani ya ini lenyewe, ambao kipimo cha malaria hakiwezi kuuonyesha na ambao daktari huufikia upesi zaidi iwapo mgonjwa amefika na maelezo yaliyonyooka.

Majipu haya ni ya aina kuu mbili. La kwanza huletwa na amiba, kijidudu kinachomezwa pamoja na maji au chakula kilichochafuliwa na kinyesi, kikakaa katika utumbo mpana, kisha kikapenya ukuta wa utumbo na kuchukuliwa na damu hadi kwenye ini, mara nyingi upande wake wa kulia. Huwapata wanaume watu wazima takriban mara 10 zaidi ya wanawake. La pili huletwa na bakteria wanaotoka katika njia ya nyongo iliyoziba, katika kidole tumbo kilichooza, au sehemu nyingine ya mwili yenye maambukizi, na wenye kisukari wamo hatarini zaidi.

Jambo la kwanza la kutayarisha, na ndilo ninaloliona kuwa zito kuliko yote, ni historia ya ugonjwa iliyoandikwa kwenye karatasi. Iandikwe tarehe homa ilipoanza, kama mgonjwa hutoka jasho usiku, kama amepungua uzito au amekosa hamu ya kula, na kama maumivu ya ubavuni hupanda hadi bega la kulia, kwa sababu ini limepakana na msuli wa kupumulia na likivimba huweza kuleta maumivu ya bega na hata kikohozi kikavu. Iandikwe pia mara ya mwisho alipoharisha, hata kama ni miezi mingi iliyopita. Wengi hudhani kwamba asiyeharisha hana amiba, ilhali wagonjwa wengi wa jipu la ini hawaharishi kabisa siku wanapogunduliwa, na choo chao kikipimwa mara nyingi hakionyeshi kitu. Kwa hiyo mvuvi aliyekaa kambini mwaka jana akinywa maji ya ziwa bila kuyachemsha aseme hivyo, na asitegemee kwamba maji yaliyotiwa dawa ya klorini yalimkinga kikamilifu, kwani vifuko vya amiba, yaani amiba waliojifunika ganda gumu, huvumilia klorini ya kiwango cha kawaida. Maji yaliyochemka ndiyo ya kuaminika. (Wapo pia wanaolitaja tatizo hili kuwa ni bandama; bandama iko ubavu wa kushoto, na mkono wa mgonjwa mwenyewe unapoelekeza upande wa kulia ni vyema kuuamini.)

Maganda na pakiti za dawa zote alizokwisha kunywa zibebwe, pamoja na zile zilizonunuliwa duka la dawa kwa siku mbili tatu kisha zikaachwa. Dozi nusu hutuliza homa kwa muda, na ikiwa ni jipu la bakteria, huweza kumzuia mtaalamu wa maabara asimwone kijidudu anayetafutwa.

Ubavu usikandwe, iwe kwa mawese ya moto au kwa kitu kingine, kwa maana jipu linaweza kupasuka na kumwaga usaha tumboni, kifuani, au hata katika mfuko wa moyo. Pombe iachwe mapema, kwa kuwa metronidazoli, dawa kuu ya jipu la amiba, haichanganywi nayo.

Kipimo kikuu ni ultrasaundi, yaani picha ya ndani ya tumbo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti, na kwa kawaida mgonjwa hutakiwa kukaa bila kula kwa saa 6 hadi 8. Anayetoka Buhingu au Kalya kwa boti kuja Maweni, hospitali ya rufaa ya mkoa wa Kigoma, apange chakula chake kwa kuhesabu safari hiyo. Mwenye kisukari aulize kwanza kabla ya kukaa bila kula. Hata hivyo, maumivu ya ghafla ya tumbo zima, kupumua kwa shida, kukohoa makohozi ya rangi ya chokoleti au kuchanganyikiwa ni dharura, na hapo hakuna kusubiri tumbo tupu wala barua ya rufaa.

Ndugu wa kumsindikiza ni lazima, kwani huenda daktari akaamua kuvuta usaha kwa sindano au kuweka mrija. Dawa yoyote inayozuia damu kuganda itajwe kabla ya hapo. Jipu la amiba kwa kawaida huanza kutii dawa ndani ya siku 3 hadi 4, na metronidazoli huendelea kwa siku 7 hadi 10, ilhali la bakteria huweza kudai wiki kadhaa za matibabu. Baada ya metronidazoli hufuata dawa nyingine ya kuua amiba waliobaki utumbini, na mgonjwa aulize kama amepewa. Akirudi kupimwa asishtuke kuona shimo bado lipo kwenye picha ya ini, kwa sababu huchukua miezi kuziba hata kwa mtu aliyekwisha kupona.