Namna ya kukata mguu wa aksolotli ili uote upya sawasawa

Kwanza kibali cha kamati ya maadili ya wanyama. Bila hicho usiguse wembe. Chagua aksolotli (amfibia wa majini mwenye mkia) mchanga, wa sentimita 5 hadi 10, kwa kuwa mzee huotesha taratibu mno.

Yeyusha gramu 1 ya trikaini, dawa ya usingizi, katika lita 1 ya maji, kisha ongeza sodiamu baikaboneti mpaka pH ifike 7 hadi 7.5, maana dawa hii ina asidi na huwasha ngozi. Mtumbukize humo. Amelala kweli pale unapomgeuza chali asijipindue, na ukimfinya kidole asivute mguu.

Kata mguu wa mbele katikati ya bega na kiwiko. Sasa subiri kidogo: nyama hunywea, mfupa ukabaki umechomoza. Upunguze ulingane na nyama. Hapa ndipo wengi huharibu. Mfupa uliochomoza huchelewesha ngozi kufunika kidonda, na vipimo vya wanyama wako havitalingana.

Usishone kamwe. Ngozi kamili ikivutwa juu ya jeraha, kivimbe cha seli changa kinachootesha mguu mpya hakitokei. Mrudishe kwenye maji safi ya nyuzi 18 hadi 20, peke yake, wenzake watamng'ata.