Jinsi ya kununua mkataba mdogo wa pointi za Disney Vacation Club kwa mkono wa pili

Mkataba mdogo ninaouzungumzia hapa ni wa pointi 25 hadi 75 hivi, unaoununua kwa mmiliki anayeuza wake. Ukienda kwa Disney wenyewe, mteja mpya hutakiwa aanze na kiasi kikubwa. Miaka ya karibuni kiwango hicho kimekuwa pointi 150, na hizo ni fedha nyingi kwa mtu anayetaka kuonja kwanza. Mkono wa pili unakuruhusu kuingia na kidogo.

Mpango wenyewe ulianza mwaka 1991 huko Florida. Unachonunua ni sehemu ndogo ya hoteli moja maalumu, yenye hati miliki inayosajiliwa serikalini na tarehe ya kuisha. Kila mwaka sehemu hiyo inakupa pointi, na pointi ndizo unazolipia usiku wa kulala. Ada ya mwaka utaidaiwa uende usiende. Kama hujawahi kulala kwenye hoteli hizi, kodi kwanza pointi za mwenye mkataba kwa safari moja. Ni mtihani wa bei nafuu kuliko kununua.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya safari kabla ya kutazama matangazo

Wengi huanza kwa kuuliza bei ya pointi moja. Anza na jedwali la pointi. Kampuni hulitoa kila mwaka kwa kila hoteli, na linaonyesha kila aina ya chumba inataka pointi ngapi kwa usiku, kulingana na msimu. Usiku wa Ijumaa na Jumamosi huwa ghali kuliko siku nyingine.

Tuseme studio unayoitaka ni pointi 12 kwa usiku wa katikati ya wiki na 15 kwa Ijumaa na Jumamosi. Kuingia Jumapili na kutoka Ijumaa ni 60. Wiki nzima ni 90. Sasa usikimbilie kutafuta mkataba wa pointi 90, kwa sababu pointi zinaweza kuhamishwa kutoka mwaka mmoja kwenda mwingine: za mwaka jana unaziweka akiba zije mwaka huu, na za mwaka ujao unazikopa uzitumie sasa. Akiba, za mwaka wenyewe, na mkopo: miaka mitatu inakutana katika mwaka mmoja. Kwa hiyo mkataba wa pointi 30 unakupa ile wiki ya 90 kila baada ya miaka mitatu. Wa 45 unakupa wiki hiyo hiyo mwaka mmoja ndiyo, mwaka mmoja hapana.

Hapo ndipo mkataba mdogo unapopata maana. Jiulize utasafiri mara ngapi, kisha gawanya. Ila masharti mawili usiyasahau. Pointi ulizokwisha kuziweka akiba haziwekwi akiba mara ya pili, na ulizokopa hazirudi zilikotoka. Ukikusanya miaka mitatu kwenye safari moja na safari ikavunjika mwishoni, zote zinaharibika pamoja.

Hatua ya 2: Chagua hoteli ya nyumbani

Mkataba wako umefungwa kwenye hoteli moja. Hiyo unaweza kuiwekea nafasi miezi 11 kabla ya kufika. Hoteli nyingine za mpango zinakufungukia miezi 7 kabla, wakati wenyeji wake wameshachagua walichotaka kwa miezi minne.

Mwenye pointi elfu moja akikosa chumba cha bei ndogo atachukua kikubwa na maisha yataendelea. Mwenye pointi 40 hana nafasi ya kubabaisha: anavihitaji vyumba vinavyokula pointi chache, na hivyo ni vichache na huisha mapema. Mfano mzuri ni Animal Kingdom Villas, katika jengo la Jambo House. Lina vyumba vichache vya daraja la nafuu, vidogo kidogo kuliko vingine, vinavyotaka pointi pungufu. Ukisubiri miezi 7 usitegemee kuvikuta. Anayevitaka anunue mkataba wa hapo hapo na awe tayari siku ya miezi 11.

Kwa hiyo usiniulize hoteli ipi ina bei ya chini. Nunua pale unapotaka kulala.

Mambo matatu ya kuangalia kwa kila hoteli. La kwanza ni mwaka wa kuisha. Beach Club, Boardwalk, Boulder Ridge, Vero Beach na Hilton Head zinaisha mwaka 2042, pamoja na mikataba ya Old Key West ambayo haikuongezewa muda. Saratoga Springs ni 2054, Animal Kingdom 2057, Polynesian 2066. La pili ni ada ya mwaka kwa pointi: Vero Beach bei yake ya kununua huvutia, lakini ada yake ni miongoni mwa zilizo juu kabisa, na ada ndiyo utakayoishi nayo. La tatu ni vizuizi vya mkono wa pili. Kwa mikataba iliyonunuliwa kwa mmiliki tangu tarehe 19 Januari 2019, pointi za zile hoteli 14 za awali hazifanyi kazi Riviera wala katika hoteli mpya zilizofuata, kama Villas at Disneyland Hotel. Na ukinunua Riviera kwa mkono wa pili, utalala Riviera tu. Marupurupu ya wanachama, kama vile punguzo la tiketi, nayo usiyatarajie.

Hatua ya 3: Mwezi wa kuanza mwaka wa pointi

Hatua hii watu huiruka, nami naiona nzito kuliko bei. Kila mkataba una mwezi ambao pointi mpya huingia: Februari, Machi, Aprili, Juni, Agosti, Septemba, Oktoba au Desemba. Kuweka akiba kunaruhusiwa katika miezi minane ya kwanza tu tangu mwezi huo. Baada ya hapo, usipozitumia kabla mwaka wake haujaisha, zimekwenda.

Chukua mtu anayesafiri kila Oktoba. Akiwa na mkataba wa Juni, mwisho wake wa kuweka akiba ni 31 Januari. Safari ikivunjika mwezi Septemba, anarudishiwa pointi zake na ana miezi kadhaa ya kuzisogeza mwaka unaofuata. Akiwa na mkataba wa Desemba, mlango wa akiba ulifungwa 31 Julai. Safari hiyo hiyo ikivunjika Septemba, pointi zinarudi lakini zinakufa 30 Novemba. Safari ni moja na hoteli ni moja. Kilichowatofautisha ni mwezi.

Kanuni yangu: mwaka wa pointi uanze mwezi mmoja hadi mitano kabla ya msimu unaosafiri.

Kuna sababu nyingine. Mkataba wa kwanza mara nyingi huzaa wa pili. Ukija kuongeza mwingine wenye mwezi ule ule, na majina kwenye hati yakiwa yale yale, vyote vinakaa chini ya uanachama mmoja na pointi zinatumika pamoja. Mwezi ukitofautiana unakuwa na uanachama wa pili, na kuhamisha pointi kati ya uanachama na uanachama kuna mipaka. Chagua mwezi kana kwamba utanunua tena.

Hatua ya 4: Soma tangazo kwa kalamu mkononi

Tangazo zuri linataja hoteli, idadi ya pointi, mwezi, na pointi zilizopo za kila mwaka. Mkataba uliojaa una za mwaka jana zilizowekwa akiba na za mwaka huu hazijaguswa. Mkataba uliokombwa una sifuri mwaka huu, na pengine hata mwaka ujao muuzaji ameshakopa. Uliokombwa si mbaya, mradi bei ishuke na usilipe ada ya pointi ambazo hutaziona. Nashikilia hivi: anayezitumia pointi za mwaka ndiye anayelipa ada ya mwaka huo. Liandikwe kwenye ofa, lisibaki mdomoni.

Kisha gharama za kuhamisha umiliki, ambazo humuumiza mnunuzi mdogo. Hazipungui sana hata pointi zikipungua. Tuseme ni dola 600: kwenye mkataba wa pointi 200 ni dola 3 kwa kila pointi, kwenye wa pointi 50 ni dola 12. Ongeza na hili, kwamba mikataba midogo hugombewa, hivyo wauzaji huomba bei ya juu kwa pointi. Nafuu yake ni kwamba siku ukiuza nawe utagombewa.

Mfano wa hesabu nzima, namba za kupigia mazoezi tu. Pointi 50 kwa dola 120 ni 6,000. Jumlisha 600, ni 6,600. Mkataba umebakiza miaka 30, basi ni dola 220 kwa mwaka. Ada ikiwa dola 9 kwa pointi, ni 450 kwa mwaka, nayo hupanda. Jumla 670, au dola 13.40 kwa pointi. Tazama pale: ada ni mara mbili ya bei uliyokuwa ukikesha kuipunguza. Linganisha 13.40 hiyo na bei ya kukodi pointi kwa mmiliki mwingine. Tofauti ikiwa ndogo, kodi tu uepuke makaratasi. Na kama fedha za kununua huna mkononi, usikope. Riba ya mikopo hii inameza faida yote.

Hatua ya 5: Ofa, arubuni na kusubiri kampuni

Pitia kwa dalali mwenye leseni. Unatoa ofa, mnapatana, mnasaini mkataba wa mauzo, unaweka arubuni kwenye akaunti ya amana. Maelezo ya akaunti yakikufikia kwa barua pepe, piga simu kwa namba uliyoitafuta mwenyewe na uyathibitishe kabla ya kutuma hata senti. Matapeli hupenda sana hatua hii.

Baada ya hapo mkataba unapelekwa Disney, kwa kuwa kampuni ina haki ya kununua kwanza kwa bei ile ile mliyopatana, nayo ina siku 30 za kuamua. Ikiuchukua, unarudishiwa arubuni na unaanza upya. Ofa ya bei ya kutupa ndiyo iliyo hatarini zaidi. Usikate tiketi ya ndege kipindi hiki.

Kuhusu kughairi: anayenunua moja kwa moja kwa kampuni Florida ana siku 10 za kubadili mawazo bila adhabu. Kwenye mkono wa pili, tafuta kifungu cha kughairi ndani ya mkataba wako na uhesabu siku zako kuanzia pale kinaposema.

Hatua ya 6: Kuhamisha umiliki

Kampuni ikishaachia haki yake, wakala wa hati miliki huomba kwake uthibitisho wa hali ya mkataba: pointi zilizopo, madeni ya ada, na nafasi zilizowekwa. Omba nakala, uilinganishe na tangazo mstari kwa mstari. Bila karatasi hii unaweza kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Ucheleweshaji mwingi hutokea upande wa muuzaji, maana kila aliyetajwa kwenye hati lazima asaini mbele ya mthibitishaji, pamoja na mke waliyeachana zamani. Kama muuzaji si Mmarekani, uliza mapema kuhusu kodi ya zuio. Sheria ya Marekani humtwika mnunuzi wajibu wa kuikata, nayo ni asilimia 15 ya bei, kwa hiyo wakala akueleze nani anaishughulikia.

Majina yako yaandikwe kama yalivyo kwenye pasipoti, na hivyo hivyo utakavyoyaandika kwenye mkataba wa pili ukija. Hati ikisajiliwa unaweza kuiona mwenyewe kwenye kumbukumbu za umma za kaunti. Kwa hoteli za Walt Disney World ni Orange County.

Hatua ya 7: Siku ya kwanza ndani ya akaunti

Usajili ukikamilika, kampuni huingiza mkataba kwenye mfumo wake na kukupa namba ya uanachama. Fungua akaunti, hakiki pointi za kila mwaka, na andika tarehe tatu kwenye kalenda ya simu: mwisho wa kuweka akiba, tarehe ambayo pointi zinakufa, na siku ya miezi 11 kabla ya safari yako. Nafasi kwenye tovuti hufunguka saa mbili asubuhi kwa saa za Florida. Ingia mapema, ukiwa umeshaamua chumba cha kwanza na cha pili. Ukivikosa vyote, chukua chochote kinachofaa halafu ujiandikishe orodha ya kusubiri.

Ikibidi kufuta, futa siku 31 au zaidi kabla ya kufika, upate pointi zako zikiwa huru. Ukiingia ndani ya siku 30 zinawekwa kwenye akaunti ya zuio, na kutoka hapo zinakubali tu nafasi za siku 60 zilizo mbele, ambazo kwa vyumba vya pointi chache kwa kawaida zimeshachukuliwa.