Jinsi ya Kupiga Picha Treni za Mizigo Kwenye Milima ya TAZARA, Mlimba Hadi Makambako

Reli ya TAZARA ina urefu wa kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi kule Zambia. Kwa sisi tunaopiga picha treni za mizigo, kipande chenye utamu hasa ni Mlimba hadi Makambako. Pale Mlimba reli inaliacha bonde la Kilombero na kuanza kuukwea ukingo wa Nyanda za Juu Kusini, na ikifika Makambako imeshapanda zaidi ya mita elfu moja. Mafundi walioijenga kati ya 1970 na 1975 walilazimika kutoboa mahandaki na kurusha madaraja juu ya makorongo, kona baada ya kona.

Mwongozo huu ni wa mwenye kamera ya kawaida au simu nzuri. Lengo ni moja: anayeitazama picha yako aone kwamba mzigo ni mzito na mlima ni mkali. Kichwa cha treni kilichopakwa rangi nzuri unaweza kukipiga hata kikiwa kimesimama stesheni. Huku mlimani tumefuata uzito.

Hatua ya 1: Ruhusa kwanza, kamera baadaye

Reli na madaraja ni miundombinu nyeti, na kuzurura relini bila kibali ni kosa. Andika barua kwa uongozi wa TAZARA mapema, ueleze unataka kupiga nini, wapi na kwa matumizi gani. Ukipata kibali, chapa nakala kadhaa. Ukifika kijijini, ripoti kwa mtendaji au mwenyekiti wa kijiji kabla hujaitoa kamera kwenye begi. Mgeni anayekaa kichakani karibu na daraja akiwa na lenzi ndefu lazima atiliwe shaka, na wanakijiji wana haki ya kumhoji. Kama una droni, hiyo ina kibali chake kutoka Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Cha reli pekee hakitoshi.

Hatua ya 2: Fika na treni yenyewe

Barabara ya Ifakara hadi Mlimba wakati wa mvua ni mateso. Panda treni ya abiria, ukae dirishani, na kipande hiki chote kiwe cha kupeleleza. Kila unapoona kona nzuri, mdomo wa handaki au daraja, andika namba ya nguzo ya kilomita iliyo kando ya reli. Daftari hilo litakuokolea siku nzima za kutembea. Kisha shuka stesheni unayoitaka. Mimi napendekeza Mpanga kwa anayeanza, kwa sababu ya daraja la Mto Mpanga, ambalo nguzo zake zina kimo cha takriban mita 50. Uchindile nayo inafaa kwa anayependa misitu na ukungu wa asubuhi.

Hatua ya 3: Mjue mkuu wa stesheni

Treni za mizigo hazina ratiba ya kubandikwa ukutani. Zinatembea kulingana na mzigo uliopo, vichwa vilivyopo na nafasi ya kupishana, maana reli ni moja. Anayejua ni mkuu wa stesheni. Ingia ofisini kwake kwa adabu, amkia, keti ukikaribishwa. "Shikamoo mzee. Leo kuna mzigo unashuka?" Atakujibu kwa kadiri anavyoruhusiwa. Ukisikia "Makambako wameshaiachia," yaani treni imeshaondoka Makambako, jua una muda wa kutosha kupanda mlimani na kujipanga. Usimsumbue kila baada ya dakika kumi. Ana kazi ya usalama wa watu mkononi.

Muulize pia kama kuna treni mbili zitapishana hapo. Ile inayosubiri pembeni huku nyingine ikiingia inakupa picha tulivu za karibu: mikono ya wafanyakazi, minyororo ya mabehewa, maturubai yaliyofungwa kwa kamba.

Hatua ya 4: Soma jua na upande wa safari

Hapa ndipo wengi wanapoharibu picha, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Kwa ujumla, kutoka Mlimba kwenda Makambako treni inaelekea magharibi huku ikipanda. Inayokuja Dar es Salaam inashuka kuelekea mashariki. Asubuhi jua linampiga usoni anayeshuka. Alasiri linampiga usoni anayepanda. Shaba ya Zambia na Kongo inashuka kwenda bandarini, na mbolea, salfa na bidhaa nyingine za kutoka bandarini zinapanda. Kwa hiyo mimi huhesabu hivi: asubuhi ni ya shaba, alasiri ni ya mbolea.

Kisha kuna majira. Juni na Julai jua la huku hupita upande wa kaskazini, kwa hiyo simama kaskazini mwa reli ili mwanga uwe nyuma yako. Hata saa sita mchana wa Juni jua haliko utosini kabisa, na ubavu wa mabehewa bado unapata mwanga. Desemba na Januari mambo yanageuka: jua linapita kusini kidogo, liko juu sana, na mchana kutwa vivuli vinajificha chini ya magurudumu. Miezi hiyo piga kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi jioni. Kuanzia Agosti hadi Oktoba moshi wa kuchoma mashamba hufunika mabonde. Wengine hawaupendi, mimi naupenda, kwa sababu unatenganisha mlima wa mbele na wa nyuma.

Kumbuka tu kwamba reli hii inajipinda mno. Kona moja inaweza kuitazamisha treni kaskazini kabisa, ndipo hesabu yako yote ibadilike. Beba dira au tumia ya simu, ukasimame pale pale unapotaka kupigia.

Hatua ya 5: Chagua kona inayoonyesha mkia

Uzito wa treni uko kwenye urefu wake. Ukipiga kichwa peke yake umeutupa mzigo. Tafuta upande wa ndani wa kona, mahali palipoinuka, ambapo utaona kichwa na mabehewa ya nyuma kwa pamoja. Lenzi ya milimita 135 hadi 200 huyasogeza mabehewa yakaonekana yamebanana, na kona ikaonekana kali zaidi. Mwenye simu atumie lenzi yake ya kuvuta kama ipo, asikuze kwa vidole.

Mwinuko ni mgumu kuonekana, kwa sababu jicho hudhani reli iko sawa. Iweke kamera wima kwa kufuata nguzo ya daraja au shina la mti ulionyooka, na mteremko utajionyesha wenyewe. Kuipinda kamera ili mlima uonekane mkali zaidi ni udanganyifu, na mwenye macho ataugundua.

Hatua ya 6: Mipangilio

Treni inayopanda na mzigo huenda polepole, kasi ya shata (muda ambao kamera inafunguka kupokea mwanga) ya 1/500 ya sekunde inatosha. Inayoshuka, weka 1/1000. Tundu la lenzi f/8, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 200 hadi 800 kulingana na mawingu. Msitu wa kijani iliyokolea huidanganya kamera ikafanya picha iwe nyeupe mno, hivyo punguza mwanga kwa theluthi mbili za hatua (−0.7 kwenye kipimo cha mwanga cha kamera). Mdomoni mwa handaki, pima mwanga wa nje na uache ndani kuwe giza totoro. Taa ya kichwa itajitokeza yenyewe. Kwenye simu, bonyeza kwa muda sehemu yenye mwanga hadi kipimo kijifunge.

Hatua ya 7: Sikiliza

Treni inayopanda utaisikia mapema sana: injini inanguruma kwa mzigo kamili, sauti inapotea ikiingia handakini, inarudi upande wa pili. Inayoshuka ndiyo hatari. Injini imetulia, breki ndizo zinazofanya kazi, na inaweza kukutokea konani ukiwa hujui. Simama mita 10 au zaidi kutoka relini, maana kamba ya turubai iliyolegea hupiga kama mjeledi. Darajani na handakini usiingie kabisa, hata kwa dakika moja.

Ikishapita, usiondoke mara moja. Kwenye kona kali, kwa mbali na lenzi ndefu, utaona unga wa mchanga juu ya chuma kinachong'aa. Ni mchanga ambao dereva ameumwaga ili magurudumu yasiteleze. Piga picha hiyo pia. Inasema habari za mlima kuliko picha kumi za kichwa.

Hatua ya 8: Maelezo na uchapishaji

Siku hiyo hiyo andika tarehe, namba ya nguzo ya kilomita, upande wa safari na aina ya mabehewa. Chapa nakala mbili tatu za karatasi umpelekee mkuu wa stesheni na wenyeji waliokuonyesha njia. Mtandaoni, treni yenye shaba usiiweke siku ile ile, wala usitaje saa iliyopita. Wezi wa mizigo nao wana simu. Subiri hadi mzigo uwe umefika bandarini.