Skrini pana au ya kawaida? Anza na kimo

Ukizunguka maduka ya Moi Avenue kutafuta skrini ya gemu, usibabaishwe na inchi. Inchi hupimwa kona kwa kona, kwa hiyo skrini pana ya 21:9 (uwiano wa upana kwa kimo) yenye inchi 29 ina kimo karibu sawa na ile ya kawaida ya 16:9 ya inchi 23 tu. Ukitaka kimo cha ile ya kawaida ya inchi 27 uliyozoea, tafuta pana ya inchi 34.

Halafu kuna kadi ya grafiki, kifaa kinachochora picha za gemu ndani ya kompyuta. Kutoka 1920×1080 kwenda 2560×1080, pikseli, yaani nukta zinazounda picha, huongezeka kwa thuluthi. Kadi inayohema tayari itahema zaidi, na kwa joto letu la Februari, feni hazitanyamaza.

Gemu za magari na ndege, pana ina raha yake kweli. Lakini gemu ya risasi ya Valorant haikuongezei uwanja wa kuona, na gemu ya Elden Ring huacha mistari myeusi pembeni. Kwa bajeti ndogo mimi ningechukua 16:9 yenye hetzi 144, yaani inayobadilisha picha mara 144 kwa sekunde. Zile za mraba za maofisini zinazouzwa bei ya kutupa, waachie wenye saiba wachapie barua.