Somo: Bodi haiwaki kwa sababu draiva zinangojeana

Mafundi wenzangu, nilikesha hapa Ujiji na bodi moja ndogo yenye chipu ya A64. Ndiyo inayowahifadhia wanafunzi vitabu, wanavisoma kwa simu bila intaneti. Nilikuwa nimeijengea keneli mpya, yaani kiini cha Linux, kwa mkono wangu. Nikachomeka kadi ya kumbukumbu, nikawasha, taa ikawaka, kisha kimya. Kadi ni nzima, umeme upo, na keneli ya zamani inawaka bila tabu.

Kabla hamjagusa chochote, shikeni hili: draiva (programu inayoiwezesha keneli kuendesha kifaa) inayolalamika mara nyingi siyo yenye kosa. Inamngoja mwenzake, na huyo mwenzake huenda naye anamngoja mwingine. Kazi yetu ni kuufuata mnyororo mpaka kwa yule ambaye hajafika.

Hatua ya 1: Waya wa siriali

Waya huu unaleta maandishi ya keneli kwenye kompyuta yako. GND kwa GND, TX (ya kutuma) ya waya kwenye RX (ya kupokea) ya bodi, RX kwenye TX. Uwe waya wa volti 3.3; wa volti 5 unaweza kuunguza chipu. Waya mwekundu wa umeme uache ukining'inia, bodi ina umeme wake. Kisha kwenye kompyuta:

`screen /dev/ttyUSB0 115200`

Skrini ya HDMI usiitegemee kwa kazi hii. Nayo ina draiva zake, na huenda ndizo zilizokwama.

Hatua ya 2: Ifanye keneli iseme yote

Kwenye mstari wa kuwashia, yaani maagizo ambayo keneli hupewa inapoanza, ongeza:

`console=ttyS0,115200 earlycon ignore_loglevel initcall_debug`

Hilo neno la mwisho ndilo lenye kazi. Kila draiva inapoanzishwa utaona imeitwa, imerudisha jibu gani na imechukua muda gani. Maandishi yatakuwa mengi sana, kwa hiyo yahifadhi kwenye faili uyasome kwa utulivu.

Mimi yaliishia hapa:

`Waiting for root device /dev/mmcblk0p2...`

Ilingoja bila mwisho kwa sababu nilikuwa nimeweka `rootwait`, neno linaloiamuru keneli ingoje kifaa chenye mfumo wa faili mpaka kionekane. Bila neno hilo keneli ingekufa ikisema `unknown-block(0,0)`. Zitazameni hizo namba. Sifuri mbili maana yake kifaa chenye mfumo wa faili hakijaonekana kabisa. Ukikuta `unknown-block(179,2)`, kadi imeonekana: 179 ni namba ya vifaa vya MMC na 2 ni sehemu ya pili ya kadi. Hapo tatizo ni mfumo wa faili wenyewe, siyo mpangilio wa draiva, na somo hili halikuhusu.

Hatua ya 3: Tafuta 517

Kwenye faili langu niliikuta namba hiyo mbele ya `1c0f000.mmc`, yaani kidhibiti cha kadi. Ukiona 517 usishtuke. Jina lake ni EPROBE_DEFER, na maana yake ni "bado sijapata ninachohitaji, niite tena baadaye".

Zamani mpangilio ulitegemea viwango vya kuanzishia, yaani zamu zenye namba, ndogo ikitangulia: draiva nyingi ziko kiwango cha 6, na ndani ya kiwango kimoja zinafuatana jinsi zilivyounganishwa wakati wa kujenga keneli. Mtu akitaka draiva yake itangulie, aliisukuma mpaka kiwango cha 4. Tangu Linux 3.4 ya mwaka 2012, draiva inayokosa kitu huwekwa kwenye orodha ya wanaongoja, na kila kifaa kingine kinapofanikiwa, orodha hiyo inajaribiwa upya.

Hapa ndipo penye ufunguo. Kama orodha inajaribiwa kila mara na bado mmoja hatoki, basi anayengojwa hakuchelewa. Hajaja kabisa. Ndiyo maana kuongeza `rootdelay=30`, yaani ngoja sekunde 30, hakukunisaidia hata kidogo. Ningeweza kungoja mpaka alfajiri.

Hatua ya 4: Nani anangojwa?

Ukiwa na initramfs ya Debian, yaani mfumo mdogo wa muda unaopakiwa pamoja na keneli, weka `break=premount` upate teminali kabla mfumo wa faili haujafunguliwa, kisha:

`mount -t debugfs none /sys/kernel/debug`
`cat /sys/kernel/debug/devices_deferred`

Kila kifaa kilichokwama kitajitaja. Mimi sikuwa na initramfs, nikafungua faili la kuelezea vifaa vya bodi, lile la `.dts`. Chini ya `mmc0` kuna mstari huu:

`vmmc-supply = <®_dcdc1>;`

Kadi inapata umeme kutoka dcdc1. Hiyo dcdc1 iko ndani ya chipu ya umeme AXP803. Na AXP803 inazungumza na A64 kupitia njia iitwayo RSB. Nikauliza mipangilio ya keneli yangu:

`grep -E 'SUNXI_RSB|AXP20X|MMC_SUNXI' .config`

`MMC_SUNXI=y`, lakini `SUNXI_RSB=m`, `MFD_AXP20X_RSB=m` na `REGULATOR_AXP20X=m`. Herufi y maana yake draiva imo ndani ya keneli yenyewe; m maana yake moduli, yaani draiva iliyo kwenye faili lake la pembeni, na moduli zilikuwa kwenye kadi. Kadi haisomeki mpaka chipu ya umeme ipate draiva, na draiva iko ndani ya kadi. Ni kama nahodha aliye ng'ambo ya ziwa anangoja mtumbwi umfuate, na mtumbwi uko Kibirizi unamngoja nahodha.

Hatua ya 5: Tiba

Zile m tatu nilizigeuza kuwa y, nikajenga upya, bodi ikawaka. Njia nyingine ni kutumia initramfs: andika `sunxi-rsb`, `axp20x-rsb` na `axp20x-regulator` ndani ya `/etc/initramfs-tools/modules`, kisha `update-initramfs -u`. Kwa bodi nitakayoiacha mbali nami, mimi napendelea y. Vitu vichache vya kuharibika.

Maswali

*Swali, Kasulu:* Kaka, yangu leo inawaka, kesho inagoma, na sijabadilisha kitu. Natumia diski ya USB.

*Jibu:* Ndugu yangu, hiyo ni mbio tu. USB huchukua muda kutambua diski, na kuna siku keneli inawahi kuliko diski. Weka `rootwait`. Tena usiandike `/dev/sda2`, kwa sababu ukichomeka diski mbili majina yanaweza kubadilishana. Andika `root=PARTUUID=` na namba ya utambulisho wa sehemu ya diski, unayoipata kwa `blkid`. Angalia usichanganye na UUID ya mfumo wa faili: hiyo inahitaji initramfs, ila PARTUUID keneli inaielewa yenyewe.

*Swali, Mwanga:* Kwa nini nisiirudishe draiva yangu kiwango cha 4 yaishe?

*Jibu:* Itafanya kazi kwenye bodi yako, kisha mwenzako ataiweka kwenye bodi ambayo kifaa kinachotegemewa kiko kiwango cha 6, na atakesha kama nilivyokesha. Omba unachohitaji, ukikikosa rudisha EPROBE_DEFER.

*Swali, Tabora:* Shikamoo mwalimu. Naandika draiva yangu ya kwanza. Nikiirudisha hiyo 517, keneli inazunguka haitulii.

*Jibu:* Marahaba binti yangu. Bila shaka unasajili vifaa vidogo chini ya draiva yako kabla hujapata kila kitu. Kifaa kidogo kinafanikiwa, keneli inaijaribu upya orodha ya wanaongoja, draiva yako inasajili tena, inarudisha 517 tena, na mzunguko unaendelea. Chukua kwanza umeme, mapigo ya saa na pini za GPIO, vyote. Vikikamilika ndipo usajili watoto. Na pale unapokosa kitu tumia `dev_err_probe()`, kwani sababu utakayoiandika humo itatokea ndani ya `devices_deferred` mbele ya jina la kifaa chako. Ukikwama, lete sehemu hiyo ya msimbo tuitazame pamoja.