SOMO: Kuenkodi linki ili & na + zisikulie data

Wakuu habari zenu. Hii kitu ilinitesa siku mbili kwenye mfumo wa duka, kila mteja niliyemtafuta kwa namba inayoanza na +255 hapatikani, nakagua databesi yupo, kumbe nilikuwa naunganisha stringi kienyeji na ile + ikifika seva inasomwa kama nafasi tupu. Dawa ni kuenkodi, yaani kugeuza alama kama hizo ziwe % na kodi yake, mfano nafasi inakuwa %20.

Hatua ya 1: jua vipande vya linki. Kabla ya ? ni njia, baada yake ni vigezo vinavyotengwa na &, na ikitokea # basi chote kinachofuata kinabaki kwenye brauza, seva haikioni kabisa.

Hatua ya 2: enkodi kila thamani peke yake KABLA ya kuunganisha, kwa JavaScript ni hivi:

'/tafuta?duka=' + encodeURIComponent('Juma & Wanawe')

Inatoka /tafuta?duka=Juma%20%26%20Wanawe. Bila hivyo seva inapata "Juma " tu, Wanawe inageuka kigezo kingine. Msitumie encodeURI hapa jamani, ile inaacha &, + na # kama zilivyo. Wa PHP tumieni http_build_query kwenye vigezo na rawurlencode kwenye njia, wa Python quote haigusi / mpaka uweke safe=''.

Hatua ya 3: kwenye njia, / iliyo ndani ya data iwe %2F, mfano ankara 45/2024. Ila seva ya Apache ikiwa na setingi zake za mwanzo inairudishia 404 (haipatikani), ndo maana mimi namba za hivyo nazipitisha kwenye vigezo.

Hatua ya 4: mara moja tu! Ukirudia, % yenyewe inakuwa %25, ukiona %2520 ujue kuna sehemu mbili zinaenkodi.

MASWALI

Mkuu mbona URLSearchParams ya JavaScript inanipa + badala ya %20?
– Iko sawa, ndo mtindo wa fomu. Ila usiisome kwa decodeURIComponent, haigeuzi + kuwa nafasi, soma kwa URLSearchParams hiyohiyo.

Mimi nikitafuta ng'ombe linki inakatika kwenye ng, na nimeenkodi vizuri tu.
– Bila shaka umeandika href='...' kwa nukuu moja. encodeURIComponent haigusi ' kabisa, weka nukuu mbili au malizia na .replace(/'/g, '%27').

Na ujumbe wa linki ya WhatsApp (wa.me) wenye mistari miwili?
– Pitisha ujumbe wote kwenye encodeURIComponent, mstari mpya unakuwa %0A. Namba yenyewe andika bila +.